"Himself" Moja, Kazi Mbili

Walimu wenzangu, tazameni sentensi hizi mbili ubaoni. "Juma cut himself." "Juma himself cut the rope." Neno ni lile lile, kazi ni mbili. Kiswahili kimezitenga: Juma alijikata, Juma mwenyewe aliikata kamba. Ya kwanza inabebwa na -ji- ndani ya kitenzi, ya pili na -enyewe. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anaijua tofauti hii tangu utotoni. Kinachomtatiza ni kwamba Kiingereza hutumia maumbo yale yale manane, "myself" hadi "themselves", kwa kujirejea na kwa msisitizo.

Kipimo kilichozoeleka ni kufuta. "Juma cut the rope" inasimama bila "himself", basi huo ulikuwa msisitizo. "Juma cut" inaning'inia, kitenzi kimenyang'anywa yambwa yake. Hapo ni kujirejea. Ila kipimo hiki hudanganya kwenye "wash", "dress" na "shave". Katika "Asha washed herself", ukifuta, "Asha washed" inasimama vizuri tu, na bado "herself" ni ya kujirejea. Hapo jaribu kulihamisha neno. La msisitizo huhama na maana ikabaki: "Juma cut the rope himself." Lakini "Asha herself washed" imekuwa habari nyingine: Asha, si mtu mwingine, ndiye aliyeoga.

Kutafsiri pia kuna mtego. Kujifunza, kujiunga na kujivunia vina -ji-, lakini Kiingereza husema "learn", "join" na "be proud of" tu. Anayeandika "I joined myself to the club" ametafsiri kiambishi, hakutafsiri maana. Na "They love themselves" ni wanajipenda. Wanapendana ni "They love each other".

Kuna na hili la barua za kikazi: "Please contact myself." Kiwakilishi cha kujirejea hudai kiima chake kiwe katika kishazi hicho hicho, na hapa kiima ni "you" isiyotajwa. Andika "contact me". Wengi hudhani "myself" ina adabu kuliko "me". Haina.

"Hisself" na "theirselves" msizikate kwa kalamu nyekundu mkanyamaza. Mtoto amefuata "myself" na "ourselves", zinazoanza na vimilikishi. Kiingereza ndicho kilichogeuza njia kikachukua "him" na "them". Mwonyesheni mahali kilipogeukia, kisha asahihishe.