Simba kwenye Mizani ya Skrapu

BABA SIMBA: Tuko hewani? Haya. Wasikilizaji wetu, hamjambo? Leo tumekosa chumba cha kurekodia, kwa hivyo tuko barazani kwangu hapa Section 58, Nakuru. Mkisikia kucha zikikwaruza saruji, huyo ni Simba, mbwa wangu. Mimi ndiye Baba Simba.

MAMA PAKA: Na mimi ni Mama Paka. Nimefika jana usiku na matatu kutoka Kisumu, kiuno bado kinalia, na nimeketishwa kwenye kreti ya soda kwa sababu kiti cha mgeni kina mwenyewe.

BABA SIMBA: Mwenyewe ni mgonjwa, mwonee huruma.

MAMA PAKA: Mgonjwa gani anayeng'ang'ania mto? Hebu anza na ile aibu uliyonipigia simu kunieleza.

BABA SIMBA: Ah. Simba alianza kujikuna. Mwanzo nikadhani ni viroboto, nikamwogesha kwa sabuni ya kufulia. Ikazidi. Manyoya yakaanza kutoka masikioni na kwenye viwiko. Nikaenda agroveti moja, duka la dawa za mifugo, nikaeleza. Kijana wa kaunta akasema huo ni upele, chukua ivermektini, mdunge mililita moja chini ya ngozi, utakuja kunishukuru. Akanifungia na sirinji juu.

MAMA PAKA: Bila kumwona mbwa.

BABA SIMBA: Bila hata kuuliza kama ni mbwa au ni ndama! Chupa yenyewe ina picha ya ng'ombe. Sasa nikiwa njiani nikakumbuka nina namba ya daktari aliyemchanja Simba mwaka juzi. Nikampigia, si kuomba ushauri, la, nilitaka tu kujua sindano inaingia wapi. Akaniuliza swali moja: "Ana kilo ngapi?"

MAMA PAKA: Ukasemaje?

BABA SIMBA: Nikasema, "Daktari, ni mkubwa tu." Mkubwa kiasi gani? Nikasema kama mbuzi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kuna mbuzi na mbuzi. Weka hiyo chupa chini, kampime, halafu unipigie."

MAMA PAKA: Sasa wasikilizaji, tegeni masikio.

BABA SIMBA: Nilianza na posho mill, si wana mizani? Mama wa pale akanifukuza, akasema hapa tunapima chakula cha watu. Nikashuka kwa watu wa skrapu. Kijana akaning'iniza Simba kwa gunia kwenye ile mizani ya ndoano, akauliza, "Huyu nimwandike chuma ama kopa?" Kilo 14. Nikalipa shilingi ishirini.

MAMA PAKA: Na ungesimama kwenye mizani ya kawaida ukiwa umembeba, kisha ujipime peke yako, ukatoe. Hata zahanati wangekuazima.

BABA SIMBA: Hayo uliniambia baadaye. Sasa hesabu ndiyo hii. Ile ivermektini ya ng'ombe, yenye nguvu ya asilimia 1, mililita moja ni ya mnyama wa kilo 50. Simba wa kilo 14 angepata zaidi ya mara tatu ya kipimo, na hicho ni kipimo cha ng'ombe, si cha mbwa. Daktari akanieleza kwamba mbwa wa ukoo wa koli, na hata baadhi ya Jamani shepadi, wana kasoro ya kuzaliwa inayoiacha dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo. Anayumba, anatoka mate, anapofuka, anazimia.

MAMA PAKA: Simba si ni Jamani shepadi?

BABA SIMBA: Aliyeniuzia alisema hivyo.

MAMA PAKA: Masikio yake yalikataa habari hiyo.

BABA SIMBA: Wacha. Daktari alikuja, akakwangua ngozi kidogo kwa wembe, akaenda kutazama kwa hadubini. Kweli ulikuwa upele, kijana wa agroveti alipatia jina. Lakini tiba ilikuwa nyingine kabisa, ya mbwa, kwa kilo zake.

MAMA PAKA: Na hapo ndipo mimi nina kidonda changu. Jirani yangu Kisumu, mtu mpole kabisa, paka wake alipata joto, akakataa kula. Akampa nusu ya paracetamol. Nusu tu, eti kwa sababu ni mdogo. Hata mtoto mchanga hupewa, si ndiyo?

BABA SIMBA: Mimi pia ningempa.

MAMA PAKA: Basi usimpe kamwe. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa ile kama letu. Inageuka sumu, damu inashindwa kubeba hewa. Nilipoitwa, paka uso umevimba, ufizi umekuwa rangi ya chokoleti, anahema kwa tumbo. Daktari anasema dawa ya kuikata sumu hiyo ipo, lakini unashindana na saa. Sisi tulisubiri kupambazuke.

BABA SIMBA: Pole sana, dada yangu.

MAMA PAKA: Ndiyo maana tangu siku hiyo natazama ufizi. Hebu njoo, Simba. Mnamsikia anavyovuta pumzi? Nainua mdomo hivi. Ufizi wa mwenye afya ni wa waridi na una unyevu. Unabonyeza kwa kidole, panakuwa peupe, unaachilia, na kabla hujahesabu mbili rangi imerudi. Ukiwa mweupe kama karatasi, au wa njano, au wa bluu, usimwandikie daktari ujumbe ukangoja ajibu. Piga simu.

BABA SIMBA: Na mweupe huwa ni kupe mara nyingi.

MAMA PAKA: Kupe, au minyoo kwa watoto wa mbwa. Kupe wa kahawia wa mbwa anaacha vijidudu vinavyovunja damu, mkojo unatoka kama chai ya rangi. Na jamani, dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, msiipake paka. Paka hujilamba mwili mzima, kila ulichompaka atakinywa. Nimemaliza hapo.

BABA SIMBA: Tuje kwenye parvo, ule ugonjwa wa kirusi wa watoto wa mbwa, kwa sababu huo umepita mtaani kwetu kama moto wa nyasi. Mtu ananunua mtoto wa mbwa kando ya barabara, mzuri, amefungwa utepe shingoni. Siku ya tatu anatapika. Siku ya nne anaharisha damu, na harufu yake ukishainusa mara moja hutaisahau.

MAMA PAKA: Na hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe.

BABA SIMBA: Hakuna. Ni dripu, ni dawa ya kuzuia kutapika, ni kumshikilia mpaka mwili ujipiganie. Anayefikishwa mapema ana nafasi nzuri. Anayenyweshwa maziwa na mkaa siku mbili kwanza, mara nyingi haponi. Halafu kirusi kinabaki uani miezi na miezi. Mwenzangu mmoja alizika mbwa, akaleta mwingine baada ya mwezi, akazika tena. Sabuni haikiui, mpaka jiki ya kufulia iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa thelathini, na iachwe ikae kwanza ndipo isuuzwe.

MAMA PAKA: Eleza ile ya sindano tatu za chanjo, maana watu wanasema daktari anatafuta pesa.

BABA SIMBA: Hata mimi nilisema hivyo! Nikamwambia usoni. Akacheka. Mtoto wa mbwa akinyonya maziwa ya kwanza, mama anampa kinga. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaipiga chanjo kabla haijafanya kazi. Inaisha polepole, na kila mtoto ana siku yake; hakuna anayejua ni wiki ya nane au ya kumi na tatu. Kwa hivyo unaanza akiwa na wiki sita hadi nane, unarudia kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita. Ukiacha katikati, umeacha mlango wazi.

MAMA PAKA: Na chanjo inataka baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Wewe unajua stima yetu. Ukinunua kichupa dukani ukatembea nacho mfukoni kwenye jua la Kondele, unamdunga mbwa maji. Mimi natazama kwanza kama daktari amekuja na kibebeo chenye barafu. Pili, abandue ile stika ya kichupa aibandike kwenye kadi, na aweke sahihi.

BABA SIMBA: Na kama hana kadi?

MAMA PAKA: Basi hakuna chanjo, kuna hadithi. Na msione haya kumwuliza mtu amesajiliwa wapi. Kenya tuna Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na sheria ya 2011 inataka daktari na pia wale wasaidizi wa afya ya mifugo wote wasajiliwe. Nyinyi wa Nakuru hamna kisingizio, Egerton pale Njoro wanafundisha kazi hiyo.

BABA SIMBA: Sasa kichaa cha mbwa. Najua hili wewe unalishikilia.

MAMA PAKA: Nalishikilia kwa sababu ni letu. Hapa nchini ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, pembeni mwa Nairobi. Binadamu wa kwanza aliyeandikwa, mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa upande wa Ziwa Victoria. Kwetu. Karibu miaka mia imepita na bado tunazika watu kwa ugonjwa ambao chanjo yake ipo. Duniani kote inakadiriwa watu 59,000 kwa mwaka, na katika kila kumi, wanne ni watoto chini ya miaka 15.

BABA SIMBA: Mbona watoto?

MAMA PAKA: Wao ndio wanacheza na mbwa, na wakiumwa wanaficha wasichapwe. Halafu mtoto ni mfupi, anaumwa usoni au kichwani. Kirusi hakipiti kwenye damu, kinapanda kwa mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo. Ukiumwa mguuni safari ni ndefu, ukiumwa shavuni ni hapo tu. Na dalili zikishaanza, anayepona ni nadra mno.

BABA SIMBA: Kwa hivyo mtu akiumwa leo jioni?

MAMA PAKA: Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 ukitazama saa. Si pilipili, si mafuta ya taa, si manyoya ya huyo mbwa yaliyochomwa, maana nimeyaona yote hayo. Kisha hospitali usiku huohuo, na ukianza sindano umalize ratiba yote hata kidonda kikipona. Mbwa akijulikana, asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, daktari wa mifugo amtazame siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya hapo, mate yake hayakuwa na kirusi siku aliyouma.

BABA SIMBA: Ile ya kuua mbwa nimeiona. Mtaa mzima mawe, na kesho yake hakuna anayejua kama alikuwa na ugonjwa au alikuwa amekanyagwa mkia.

MAMA PAKA: Na wanaokuja kujaza nafasi yake hawajachanjwa. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Ndiyo hesabu ya mpango wa serikali ulioanza 2014, vifo vya watu viishe kufikia 2030. Kaunti nyingi huchanja karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Sikilizeni redio zenu, muwapeleke, na paka pia. Watu husahau paka.

BABA SIMBA: Wewe hungesahau.

MAMA PAKA: Wangu ana kadi kuliko mimi. Chakula je? Huyu anakula nini?

BABA SIMBA: Ugali na mapafu.

MAMA PAKA: Unga gani?

BABA SIMBA: ... Ule wa mbwa.

MAMA PAKA: Mahindi yaliyooza, yakasagwa! Baba Simba, ile sumu ya ukungu, aflatoksini, ndiyo iliyoua watu Ukambani mwaka 2004. Ukisonga ugali haiishi, moto wa jiko hauiwezi. Na mbwa ini lake ni jepesi kuharibika. Mahindi ambayo wewe hungekula, usimpe.

BABA SIMBA: Na mapafu?

MAMA PAKA: Yachemke hasa mpaka ndani. Yale malengelenge ya maji unayoyaona kwenye mapafu na maini yana tegu wachanga ndani. Mbwa akila mabichi anakuwa na tegu, anaenda haja uani na mayai ya tegu yanabaki hapo, mtoto anachezea udongo. Mimi paka wangu ni omena tu, na omena kwetu haihitaji utetezi.

BABA SIMBA: Nilijua utafika kwenye omena. Subiri. Mnasikia hiyo pikipiki? Ni daktari, amekuja kumpa chanjo ya mwaka. Na kiti sasa kiko wazi, Simba amejua mlio wa ile pikipiki kabla yangu.

MAMA PAKA: Yuko chini ya kreti yangu. Anatetemeka, mwonee... aa, amekojoa.

BABA SIMBA: Daktari, karibu, tunarekodi. Ndiyo. Amekuja na mizani yake, ya kuwekwa chini. Njoo, baba, njoo. Mshike nyuma, Mama Paka.

MAMA PAKA: Nimemshika. Inasoma... kumi na sita na nusu.

BABA SIMBA: Si alikuwa kumi na nne wiki mbili zilizopita?

MAMA PAKA: Daktari anasema hakunenepa, mbavu ni zilezile.

BABA SIMBA: Hebu ngoja. Mwezi jana niliwauzia wale watu wa skrapu mabati ya jiko zima.