Nyoka wa Ardhini: Hesabu Magamba Kabla ya Kusema Ni Spishi Mpya

Karibu, mtazamaji. Mvua za kwanza zikinyesha Kigoma, majembe mashambani hufukua nyoka weusi wembamba, na watu husema huyu hajawahi kuonekana. Mara nyingi ameshaandikwa. Upya wa spishi hauamuliwi na rangi.

Kabla ya yote, kibali. Utafiti unapita COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na ndani ya hifadhi za Gombe au Mahale ongeza TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Kielelezo, yaani mnyama aliyehifadhiwa kwa uchunguzi, kisicho na kibali hakitakubalika popote, hata kiwe cha ajabu namna gani.

Sasa mikono mbali! Nyoka wa jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Atractaspis ana meno marefu ya sumu yanayoweza kuchomoza pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa. Ukimbana nyuma ya kichwa, atakuchoma kidole, na sumu yake haina dawa mahsusi. Msukume kwa fimbo ya ndoano aingie kwenye ndoo yenye mfuniko.

Hakikisha ni nyoka kweli. Mwili ukiwa na pete mfululizo kama nyungunyungu, huyo ni mjusi asiye na miguu, si nyoka. Magamba ya tumbo yakilingana na ya mgongo, uko kwenye nyoka vipofu. Yakiwa mapana, endelea.

Mpige picha akiwa hai: mgongo, tumbo, kichwa pande zote, rula pembeni. Rangi hufifia kwenye spiriti. Andika papo hapo viwianishi vya GPS (namba za mahali), tarehe, aina ya udongo na kina alichokutwa.

Akishauawa kwa njia iliyotajwa kwenye kibali, chukua kwanza kipande cha ini, kama punje ya mchele, weka kwenye ethanoli (spiriti) ya asilimia 95 au zaidi. Ukianza na formalini, dawa ya kuzuia mwili usioze, unaharibu DNA, na hapa ndipo vielelezo vingi vizuri hupotea. Kisha changanya formalini ya dukani sehemu 1 na maji sehemu 9. Mdunge tumboni sehemu kadhaa, la sivyo utumbo utaoza, na mkunje aenee kwenye chupa kabla hajakakamaa. Baadaye msuuze, umhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70.

Tuje kwenye darubini. Safu za magamba ya mgongo hesabu mara tatu: urefu wa kichwa kimoja nyuma ya kichwa, katikati ya mwili, na urefu huohuo kabla ya tundu la kinyesi. Katikati ya mwili, Aparallactus (jenasi ya nyoka wala tandu) ana safu 15, Atractaspis bibronii mara nyingi 21 au 23. Magamba ya tumbo anza na lile la kwanza linalopakana pande zote mbili na safu ya kwanza ya mgongo. Ukianzia kooni, idadi inazidi, na tofauti unayoitangaza inakuwa ya uongo. Gamba la tundu ni zima au limegawanyika? Ya chini ya mkia ni moja moja au jozi? Tenganisha dume na jike, maana kwa kawaida mkia wa dume ni mrefu zaidi.

Linganisha na kila spishi ya jenasi hiyo, hasa vielelezo vya awali (vilivyotumika kuipa spishi jina) makumbushoni, kisha linganisha jeni kama 16S, kipande cha DNA kinachotumika sana kutofautisha spishi. Nyoka mmoja mwenye gamba la ziada anaweza kuwa kilema tu, tafuta wengine.

Ukichapisha, taja holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi) na makumbusho inakohifadhiwa, toa sifa zinazotofautisha spishi yako na nyingine, na kama jarida ni la mtandaoni pekee, isajili kazi ZooBank, rejista ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla haijatoka.