Jinsi ya kuamua maana zipi za neno ziingie kwenye kamusi elezo

Habari za wakati huu, karibuni. Leo tunafungua Wikipedia ya Kiswahili, tunachukua neno moja lenye maana nyingi, halafu tunaamua ipi iingie kwenye ukurasa wa maana, yaani ule unaoorodhesha makala zenye jina moja, na ipi ibaki nje. Neno letu ni kanga. Narekodi nikiwa Dar es Salaam, na hapa ukitaja kanga mtu anawaza Mtaa wa Uhuru, doti zimening'inizwa mpaka nje ya duka. Wazo hilo liwekeni pembeni kidogo, tutalirudia kwenye maana kuu.

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua daftari. Andika kila unachokijua kinachoitwa kanga, usichuje. Mimi nimeandika hivi: kanga nguo. Kanga ndege, yule mweusi mwenye madoa meupe. Kata ya Kanga, Wilaya ya Mafia. Kata nyingine ya Kanga, Wilaya ya Mvomero, Morogoro. Mlima Kanga, hukohuko Mvomero. Kanga moko, ile ngoma ya kumbi za usiku. Duka la mtaani kwetu lenye neno Kanga kwenye bango. Na mwisho "kanga mayai", kwa sababu wapo wengi wanaoandika hivyo wakikusudia kaanga.

Ukikwama, fungua kamusi ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) au ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Pitia pia orodha ya kata kwenye matokeo ya Sensa ya 2022. Majina ya mahali ndiyo tunayoyasahau sana, hasa sisi wa mjini.

Sasa kila mstari wa daftari uulize hivi: mtu akiandika neno hili peke yake kwenye kisanduku cha kutafuta, anaweza kuwa anakitafuta kitu hiki? Na kitu hiki kina makala, au kina habari za kutosha kuwa nayo? Lazima majibu yote mawili yawe ndiyo. Wengi wanauliza tu, "Je, neno lina maana hiyo?" Hilo ni swali la kamusi. Sisi tunatengeneza kibao cha njia panda, na kibao kinaonyesha tu njia zinazofika mahali. Nadhani hata jina lenyewe, kamusi elezo, linatuponza: mtu anasikia kamusi, anaanza kumwaga maana zote.

Tuanze. Nguo: ndiyo, bila ubishi. Kuna pindo, mji, jina lililoandikwa chini, historia ya biashara ya pwani nzima, mtu anaweza kuandika kurasa na kurasa. Ndege: ndiyo. Hao wana familia yao nzima kwa wataalamu, Numididae. Na inasemekana nguo ilipata jina kutokana na madoa ya ndege huyu, lakini habari hiyo mahali pake ni ndani ya makala ya nguo. Kwenye ukurasa wa maana usiandike historia.

Kata mbili: ndiyo zote. Hapa huwa nabishana na watu. Mtu anasema, "Kaka, nani atatafuta kata ya Mafia?" Atatafuta mtu wa Mafia. Atatafuta mwalimu aliyepangiwa kituo huko na hajui hata anashukia wapi. Kata ni eneo rasmi la serikali, lina idadi ya watu kwenye sensa, na wakazi wake wanaliita Kanga, basi. Ukubwa wa kitu haukuhusu.

Mlima Kanga una uzito wake, maana uko kwenye milima ya Nguru, sehemu ya Tao la Mashariki, na una msitu wa hifadhi. Tuseme hauna makala bado. Uweke au usubiri? Bonyeza kiungo chekundu, yaani kiungo cha ukurasa ambao bado haupo, kisha upande wa zana tafuta "Viungo viungavyo ukurasa huu". Ukiona kuna makala nyingine inayoutaja, uweke. Kama hakuna hata moja, andika kwanza makala fupi ya mlima, mistari mitatu yenye chanzo, ndipo urudi. Ukurasa wa maana uliojaa viungo vyekundu haumsaidii mtu yeyote.

Kanga moko: hapana. Si kwa sababu ya aibu, tuelewane! Inawezekana kabisa ngoma hiyo ikawa na makala yake. Ila hakuna anayeiita kanga tupu. Neno kuwemo ndani ya jina refu halitoshi. Duka la mtaani nalo hapana, hata kama mwenyewe ni rafiki yako na ameomba.

"Kanga mayai" ni kosa la tahajia, liache. Vitenzi kwa ujumla vinapelekwa Wikamusi, kamusi dada ya Wikipedia. Angalieni neno paa: paa mnyama anaingia, paa la nyumba linaingia, lakini kupaa angani na kupaa samaki, kule kuwatoa magamba wanakofanya pale Feri, soko la samaki, hivyo ni vya kamusi. Sikukuu ya Kupaa Bwana ina habari zake, lakini hiyo nayo ina jina refu, kwa hiyo inakwama palepale kwa kanga moko.

Kuna mtego mwingine: leso. Mombasa wanaiita kanga leso, na wengine wanaandika khanga. Hizo si maana mpya, ni majina ya kitu kilekile. Khanga ielekeze moja kwa moja kwenye makala ya nguo. Leso usiielekeze hivyo, maana kuna leso ya mkononi pia. Hilo ni neno la kutengenezewa ukurasa wake wa maana siku nyingine.

Sasa maana kuu, sehemu yenye kelele. Nani apewe jina tupu, bila mabano? Chukueni Simba. Siku ya dabi ya Kariakoo, Dar nzima ukisema Simba ni klabu ya Msimbazi, ile iliyoanzishwa 1936 na kupewa jina la Simba 1971. Hata hivyo jina tupu ningempa mnyama, kwa sababu klabu ilichukua jina kwake na msomaji wa Bukavu au Lamu hana dabi. Klabu inabaki Simba S.C., na juu ya makala ya mnyama unaweka mstari mmoja wa kuelekeza kwenye "Simba (maana)", ambako watakuwepo pia waasi wa Simba wa Kongo wa 1964. Mashabiki msinitukane, wala sijasema mimi ni wa upande gani.

Kwa kanga sioni mshindi. Mtaa wa Uhuru utasema nguo, mfugaji atasema ndege. Basi ukurasa wa maana wenyewe uitwe Kanga, na makala ziwe "Kanga (nguo)", "Kanga (ndege)", "Kanga (Mafia)", "Kanga (Mvomero)".

Bonyeza "Hariri chanzo". Kila maana mstari mmoja, kiungo kimoja, maelezo ya maneno machache: Kanga (ndege), ndege wa familia Numididae. Anza na zinazotafutwa zaidi, mahali pafuate. Chini kabisa weka kigezo cha maana, yaani alama inayotambulisha kwamba huu ni ukurasa wa maana, tazama hakikisho, hifadhi. Kisha nenda ukurasa wa majadiliano, andika kwa nini umeiacha kanga moko, kwa sababu kabla ya wiki kuisha kuna mtu atakuja kuiongeza.