Tajiri wa trilioni 250

ASHA: Inarekodi? Haya karibuni, mnatujua, hatujitambulishi.

BEKA: Leo nimekaa na tajiri jamani, mniwie radhi nikiongea kwa adabu.

ASHA: Beka usianze.

BEKA: Shikamoo tajiri.

ASHA: Marahaba, sasa tulia niwasimulie. Wiki hii nilikuwa nachezea chombo kimoja cha kuwapa maejenti wa AI, zile programu zinazokufanyia kazi kwa niaba yako, kwoti za kuhamisha kripto toka cheni moja, yaani mtandao mmoja wa kripto, kwenda nyingine. Yaani badala ya wewe kufungua madaraja matano, zile huduma za kuvusha kripto toka cheni hadi cheni, kwenye brauza ukipima nani anakata kidogo, ejenti wako anauliza mara moja tu, nina USDC, ile tokeni ya thamani ya dola moja, huku naitaka kule, nitapokea ngapi, ada ngapi, itachukua muda gani, chombo kinazunguka kwenye madaraja kinarudi na majibu. Pesa haijaguswa. Ni kuulizia bei.

BEKA: Kuulizia ni bure, ndo kilichokuokoa.

ASHA: Jumatatu nikamwambia ejenti niulizie USDC 250 toka cheni ya BNB Chain kwenda cheni ya Base. Kaleta kwoti safi, sina neno. Jumatano nikamwambia haya sasa geuza, toka Base kurudi BNB Chain, 250 zilezile. Akakaa weee, halafu ananijibu kwa upole, "Kwa sasa hakuna daraja lenye ukwasi wa kutosha kwa ombi lako, nakushauri ukigawe kiasi hicho kidogo kidogo."

BEKA: (anacheka) Ukigawe!

ASHA: Yaani madaraja hayana akiba ya kutosha kwa dola 250 Beka! Nigawe mara ngapi?

BEKA: Msikilizaji, mimi nilipigiwa simu saa tano usiku, mtu anahema, "Beka, Base imekufa?" Nikajua kuna msiba.

ASHA: Kuja kufungua logi, ile kumbukumbu ya alichotuma ejenti, mwenzangu ameombea kwoti ya dola trilioni 250.

BEKA: Zaidi ya mara mbili ya pato la dunia nzima kwa mwaka. Tajiri alikuwa anahama na sayari.

ASHA: Na sababu ni ya kijinga mno. USDC iliyoko BNB Chain ina desimali 18, ile ya Base ina 6. Mkataba wa tokeni, yaani programu inayoiendesha kwenye cheni, haujui nukta, unajua namba nzima tu, kwa hiyo kule 250 unaiandika na sifuri 18 nyuma yake, huku unaiandika na sifuri 6. Ejenti Jumatatu kaweka 18 ikakubali, Jumatano kabeba 18 zake kaenda nazo Base. Jina la tokeni lilelile, herufi nne zilezile, hata mimi ningeingia mkenge.

BEKA: Mi namlaumu. Mkataba wenyewe una sehemu ya kuuliza desimali, unauliza unajibiwa 6 au 18, ni kusoma tu, hata gesi, ile ada ya cheni, hulipi. Yeye kakisia. Tokeni ya ETH 18, ya WBTC 8, USDC inategemea uko wapi, hilo ni somo la siku ya kwanza.

ASHA: Sawa, ila kwa nini nilazimike kumfundisha? Chombo kinapewa cheni, kinapewa anwani ya tokeni, kinajua kila kitu. Kipokee 250 kama binadamu anavyosema, sifuri kijiwekee chenyewe.

BEKA: Hapana. Siku kikikosea kimya kimya hutajua. Leo umeiona namba ghafi kwenye logi ukajua palipoharibika. Kikianza kutafsiri halafu ejenti mwingine kwa mazoea akatuma 250 na sifuri 6, si kitadhani anataka milioni 250?

ASHA: Kitamrudishia kwa maneno, "umeomba USDC milioni 250", atasoma.

BEKA: Atasoma na atasema ndiyo, si ndo huyohuyo aliyekushauri ugawe.

ASHA: Hapo ndo hoja yangu! Chombo hiki hakikutengenezwa kwa ajili yako. Wewe ukiona msururu wa sifuri unashtuka, ejenti hashtuki, kwake trilioni 250 ni maandishi tu kama maandishi mengine. Ukimpa jibu la "ukwasi hautoshi" anakutungia ushauri wa benki. Anayetengeneza kitu cha kutumiwa na mtu asiyeshtuka inabidi yeye ndo ashtuke.

BEKA: Na mimi nasema chombo kiwe bubu, kiseme kilichoambiwa na madaraja basi. Akili ikae sehemu moja. Ukizigawa huku nusu kule nusu, kosa likitokea mnaanza kutupiana.

ASHA: Tayari tunatupiana.

BEKA: Kwa sababu ejenti wako kakosea.

ASHA: Kwa sababu chombo kimekubali trilioni 250 bila hata kukohoa!

BEKA: Hakikukubali, kilisema hakuna ukwasi. Kilikuwa sahihi kabisa, tajiri. Hakuna.

ASHA: ...

BEKA: Mnasikia kimya hicho? Ni kimya cha mwenye hela.

ASHA: Ni kimya cha mtu anayehesabu hadi kumi. Na ingekuwa kinyume je, sifuri 6 mahali pa 18? Ungeulizia sehemu ya dola isiyofika hata moja ya bilioni, kinakwambia kiasi kidogo mno, ejenti anakushauri uongeze kipato.

BEKA: (anacheka) Huyo wa kwangu.

ASHA: Bado sijakubali lakini.

BEKA: Wala mimi. Tuna dakika ngapi?

ASHA: Mbili. Na tulikuwa na mambo matatu hapa kwenye karatasi, lile la kwoti kuisha muda wake kabla hujasaini, lile la kuangalia kiwango cha chini utakachopokea badala ya kile kikubwa kilichokolezwa, halafu ule wizi wa daraja la Ronin 2022, zaidi ya dola milioni 600 ziliondoka kwenye daraja moja...

BEKA: Ronin kwa dakika mbili? Acha.

ASHA: Basi nigusie hili la kiwango cha chini, kwamba ejenti akipanga kwoti lazima...

BEKA: Apange kwa sifuri ngapi?

ASHA: Nazima.