Nani Ana Ruhusa ya Kupendeza?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimekuja na mkasi na doti moja ya kanga ambayo haijakatwa. Wanaume msinune, yenu yanakuja.

Itazameni kwanza. Hili linalozunguka pande zote ni pindo. Katikati ndio mji, na hapa chini ya mji ndipo panapokaa jina, yaani ule msemo wa kanga. Ukiigusa ni kavu kama karatasi. Wanga huo, ukiifua mara mbili tatu inalainika.

Wanafalsafa wengi hawakuipa fasheni heshima. Kant aliona ni upuuzi, ila akakiri kuwa afadhali mpumbavu anayekwenda na fasheni kuliko mpumbavu aliyeachwa nayo. Georg Simmel, huko Berlin mwaka 1904, alitafakari zaidi: mtu anataka kufanana na wenzake, na papo hapo anataka kujitenga nao. Wakubwa huanzisha mtindo, wadogo wanaiga, na wakishaiga wakubwa wanauhama. Aliyeona sare ya harusi, kitambaa kimoja na kila dada kashona mshono wake, habishani na nusu ya kwanza. Ugomvi wangu uko kwenye hiyo nusu ya pili. Simmel anamchukulia anayeiga kama mtu ambaye tayari ana ruhusa ya kuiga.

Unguja ya karne ya 19 mambo hayakuwa hivyo. Kwa desturi ya mji, mtumwa mwanamume hakuvaa kofia wala viatu. Mtumwa mwanamke alijifunga merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, au kaniki, kile cheusi, kwapani, kichwa wazi. Nguo ilikuwa inamsema mtu kabla hajafungua kinywa. Na hiyo merikani msiipite haraka, maana jina lenyewe linawaambia ilikotoka. Ililetwa na meli za Salem, Massachusetts, na kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861 pamba ya viwanda vya huko ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mtumwa wa kule kachuma, mtumwa wa huku kavaa, na baina yao watu wamebadilishana pembe za ndovu, wamepata faida, wamelala usingizi. Nimelisema hili darasani miaka mingi na bado sijalizoea.

Tarehe 6 Aprili 1897 ikatoka amri ya Sultani Hamoud: mtumwa aweza kudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Miaka hiyohiyo kanga ilikuwa bado changa. Wanawake wa pwani walikuwa wakishona pamoja vipande vya leso, na neno leso ni la Kireno, kupata nguo moja pana. Wenye maduka wakaona soko, wakaagiza zilizochapwa tayari. Waliotoka utumwani wakaitupa kaniki, wakajifunga kanga, wakajitanda nyingine kichwani. Mtu wa nje angesema hawa wanajivuna, wamepata senti mbili wamekimbilia madukani. Mimi naona kichwa kilichokatazwa kufunikwa, sasa kimefunikwa, tena kwa maua. Ukisema hapo mwanamke huyo anamwiga bibi aliyemmiliki zamani, umesema kweli ndogo sana.

Haya, wanaume. Mwaka 1968 umoja wa vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya vimini, wigi na suruali za kubana jijini Dar es Salaam, kwa jina la utamaduni wetu. Wasichana wakafukuzwa na kuzomewa barabarani. Viongozi wenyewe walivaa suti iliyoitwa kwa jina la Chou En-lai, waziri mkuu wa China, na hakuna aliyewavua. Kanga nayo, tunayoiita ya asili, ilikuwa imechapwa kwa miaka mingi Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo ndiyo kwanza kilianza, mwaka uleule. Sisemi kimini ni kizuri au kibaya. Nauliza kwa nini asili yetu hutafutwa kwenye mapaja ya binti wa mtu.

Mtaniuliza habari za mitumba, maana nusu yenu mmeivaa hapa, na mimi shati hili ni la mnadani. Lebo yake inasema Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 2013, katika nchi hiyo, jengo la Rana Plaza liliporomoka na watu zaidi ya 1,100 wakafa, wengi wao wanawake waliokuwa kwenye cherehani. Nyufa zilionekana jana yake, nao wakaambiwa warudi kazini. Shati hili sijui lilishonwa jengo gani. Nililinunua kwa sababu kola ilikuwa nzuri.

Sasa nishikieni ncha hii ya kanga, niikate. Hivyo hivyo, ivuteni. Kimoja kipelekeni nyuma kwa akina mama, kingine kizunguke huku mbele. Msisome jina tu, someni na ukingoni, pale penye maandishi madogo: kiwanda kimeandikwa, namba ya mchoro imeandikwa. Mtafutieni na aliyechuma pamba, mkimwona mniambie.