Shusha Kii, Ndugu Yangu

(Mazungumzo na vijana wa Shangani, Mtwara)

Shikamooni wakubwa. Vijana, mambo vipi? Najua wengi mmekuja mkitaraji mazoezi ya koo na namna ya kujiachia jukwaani. Nitayagusa kidogo. Leo nina neno moja kubwa: kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima umepangiwa, juu au chini.

Anayeitwa baba wa karaoke, huku kuimba juu ya muziki uliorekodiwa, Daisuke Inoue, alikuwa akipiga kinanda katika baa za Kobe, Japani. Alikuwa na mteja, bosi wa kampuni, ambaye aliweza kuimba akipigiwa na Inoue tu, maana Inoue aliijua sauti yake na pale inapokwama. Bosi akapata safari, Inoue hakuweza kufuatana naye, basi akamrekodia kanda ya muziki unaomfaa. Mwaka 1971 akatengeneza mashine zenyewe. Hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, hakuchukua, na pesa zile naziumia mimi! Sasa angalieni: mwanzoni muziki ndio uliomfuata mwimbaji. Siku hizi sisi tunamfuata msanii mpaka mishipa ya shingo inatutoka.

Nendeni baa yoyote hapa mjini msimu wa korosho, pesa za mnada zikishaingia. Kaka mwenye besi nzuri kabisa anachukua wimbo wa dada mwenye sauti nyembamba. Ubeti wa kwanza anaumudu, meza nzima inashangilia. Kikifika kiitikio, balaa. Nyumbani aliujaribu mwanzo tu, na nyimbo nyingi huanza chini. Wewe anzia kwenye kiitikio. Itafute noti iliyo juu kuliko zote. Ukiifikia bila kuinua kidevu wala kukaza taya, panda nao jukwaani. Usipoifikia, shusha kii kwa nusu toni, ile hatua ndogo kati ya noti na noti: moja, mbili, hata tatu. Mashine nyingi za karaoke zina kitufe cha kazi hiyo, na dijei anayetumia kompyuta anaweza kupata programu ya kushusha sauti bila kupunguza mwendo. Mfuate mapema umwambie, "Nishushie mbili." Hakuna aibu hapo. Bendi za dansi hufanya hivyo akibadilika mwimbaji.

Halafu maiki. Isogeze karibu na mdomo, upana wa vidole viwili hivi, na ukipandisha sauti iondoe kidogo. Usikikumbatie kile kichwa chake kwa kiganja kama wanavyofanya wachanaji; maiki inaanza kuokota sauti ya kila upande, spika zinapiga mluzi, halafu lawama kwa dijei. Usiielekeze kwenye spika pia.

Kuna daktari Mfaransa, Étienne Lombard, aliyeeleza mwaka 1911 kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kujijua. Ndiyo karaoke hiyo! Unadhani unaimba, kumbe unapiga kelele. Simama mahali unapoisikia sauti yako, au ziba sikio moja kwa kidole. Waimbaji wazoefu hufanya hivyo, hakuna atakayekucheka.

Uraka, pombe yetu ya mabibo, na bia, kunywa ukishashuka. Korosho za kukaanga nazo zisubiri, chenga zake hung'ang'ania kooni.

Kuhusu jukwaa: acheni kukikodolea macho kioo cha maneno. Kwenye ngoma ya sindimba anayeongoza wimbo hana pa kusomea maneno. Macho yake yako kwa wanaomwitikia, wakizubaa anawaamsha. Shika kiitikio kwa moyo angalau, ili wakati huo uwatazame watu. Mikono itajua yenyewe la kufanya. Sijawahi kuona aliyefundishwa ishara za mikono akapendeza.

Maswali? Naam, kaka wa mbele... Anauliza kwa nini akifanya mazoezi nyumbani na spika ya Bluetooth anajikuta nyuma ya biti. Si sikio lako, kaka. Kama maiki yako nayo inapitia kwenye simu, sauti inachelewa njiani kabla ya kutoka kwenye spika, kwa hiyo unajisikia umechelewa, nawe unazidi kuvuta. Tumia waya. Mwingine?