Kufundisha Takwimu kwa Safari ya Mwanafunzi: Kutoka Mlangoni Hadi Darasani

Hamjambo walimu wenzangu, na karibuni. Katika video hii nitawaonyesha hatua kwa hatua namna ya kuwafundisha wanafunzi wa Gredi ya 7 na ya 8 kukusanya data, kuipanga na kuieleza, kwa kutumia swali moja ambalo kila mtoto wa Mombasa ana jibu lake: unachukua dakika ngapi kutoka nyumbani hadi shuleni? Mwaka wa kwanza nilipofundisha mada hii niliandika ubaoni safu ya nambari za kitabuni, wanafunzi wakazijumlisha, wakagawanya, wakapata wastani sahihi, na nilipowauliza wastani huo unatuambia nini, darasa zima likanyamaza. Tangu siku hiyo sijaanza mada hii bila nambari ambazo wanafunzi wamezitoa wenyewe.

Andaa ubao, karatasi mbili za manila, rula, kalamu za rangi na vizibo 20 vya soda. Hayo yanatosha.

Hatua ya kwanza ni kulijadili swali lenyewe kabla ya kuhesabu chochote, nami nawasihi msiiruke. Waulize wanafunzi safari inaanzia wapi: unapofunga mlango wa nyumbani, au unapopanda matatu? Inaishia kwenye lango la shule au kwenye dawati? Mtoto anayetoka Likoni atauliza kama muda wa kusimama akisubiri feri nao unahesabiwa, na pengine anayeishi Majengo atasema kusubiri si kusafiri. Waache wabishane kwa adabu, kisha waamue, na uamuzi wao uandike ubaoni kwa sentensi moja, kwa mfano: "Safari huanza tunapotoka mlangoni na huisha tunapoingia lango la shule, na kusubiri kunahesabiwa." Mwanafunzi aliyewahi kushiriki katika uamuzi kama huo ataelewa kwa nini tarakimu mbili kuhusu jambo lilelile zinaweza kutofautiana bila yeyote kusema uongo.

Hatua ya pili ni kuamua nani ataulizwa. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, kazi iliyohitaji maelfu ya makarani, na hapa unaweza kueleza kwamba mara nyingi tunatosheka na sampuli, yaani sehemu ndogo inayowakilisha wote. Lakini waonye: tukisimama langoni na kuwauliza wanafunzi 20 wa kwanza kufika, tutapata wengi wanaoishi karibu, na wale waliokwama kivukoni hawatakuwemo kabisa. Njia bora ni kuandika majina ya darasa lote kwenye vikaratasi, kuvikunja na kuvichanganya ndani ya mfuko, kisha kuchota 20.

Hatua ya tatu ni kupima. Kila aliyechaguliwa aandike saa aliyotoka na saa aliyofika, siku hiyohiyo, bila kukisia. Hapa pana kosa ambalo nimeliona mwaka baada ya mwaka. Mwanafunzi aliyetoka saa kumi na mbili na dakika 10 akafika saa moja na dakika 5 hujaribu kutoa 12:10 kutoka 1:05, akachanganyikiwa, kwa sababu saa zetu huanza upya baada ya kumi na mbili. Mfundishe ahesabu dakika 50 hadi saa moja kamili, kisha aongeze 5, apate 55. Majina yasiandikwe kwenye orodha ya darasa, wala asichekwe mtoto ambaye nyumbani kwao ni mbali.

Sasa tazama skrini. Nimeandika nambari 20 za mfano, ambazo nimezitunga ili tufanye hesabu pamoja: 5, 5, 8, 8, 10, 10, 10, 10, 12, 12, 15, 15, 45, 50, 55, 60, 60, 65, 70 na 75. Simamisha video uzinakili.

Hatua ya nne ni jedwali la marudio. Tunagawa dakika katika makundi yaliyo sawa: 0 hadi 14, 15 hadi 29, 30 hadi 44, 45 hadi 59, 60 hadi 74, na 75 hadi 89. Kwa kila nambari tunachora kijiti kimoja, na kijiti cha tano kinakata vinne vilivyotangulia ili kuhesabu kuwe rahisi. Tunapata 10, 2, 0, 3, 4 na 1, na jumla yake lazima iwe 20. Ikiwa si 20, kuna mtu amesahauliwa au amehesabiwa mara mbili. Kundi lenye sifuri lisifutwe. Wanafunzi wengi hutamani kuliondoa kwa kuwa "halina kitu", ilhali ndilo litakalotufaa baadaye.

Hatua ya tano ni kuchora histogramu kwenye manila, yaani grafu ya mihimili inayoshikana, dakika zikiwa chini na idadi ya wanafunzi ikiwa kando, kuanzia sifuri. Ikikamilika, ibandike ukutani na usiseme neno kwa dakika moja. Waache waitazame. Karibu kila mara mmoja wao huuliza mbona katikati hapana kitu.

Hatua ya sita ni vipimo vya kati, na hapa tunatoka darasani kwenda uwanjani. Kwanza wastani. Wape wanafunzi watano vizibo: mmoja 2, wawili 3 kila mmoja, mwingine 5 na wa mwisho 7. Waambie wavikusanye pamoja, kisha wagawane sawasawa. Kila mmoja atapata 4. Huo ndio wastani: ni kiasi ambacho kila mtu angekuwa nacho kama wote wangekuwa sawa. Kisha mediani, yaani nambari ya katikati. Wanafunzi 20 wasimame kwa mstari kuanzia mwenye dakika chache hadi mwenye dakika nyingi, halafu mmoja wa kila mwisho aketi kwa wakati mmoja, wawili kwa wawili, mpaka wabaki wawili tu. Katika mfano wetu watabaki mwenye 12 na mwenye 15, nasi tunachukua nusu ya jumla yao, dakika 13.5. Modi, nambari inayojirudia zaidi, ni 10. Tofauti kati ya kubwa na ndogo kabisa ni 70.

Mkirudi darasani, hesabuni wastani wa dakika: jumla ni 600, tukigawanya kwa 20 tunapata 30. Uliza: "Nani kati yetu anatumia dakika 30?" Hakuna. Hakuna hata mmoja kati ya dakika 15 na 45. Ni lile kundi la sifuri tulilokataa kulifuta. Darasa letu la mfano lina makundi mawili, wanaoishi kisiwani na wanaovuka maji, na hesabu moja imewachanganya. Watenganishe: wale 12 wa karibu wana wastani wa dakika 10, na wale 8 wa mbali wana wastani wa dakika 60. Ukipenda kuonyesha mgawanyo huo kwa chati ya duara, wanafunzi 8 kati ya 20 ni asilimia 40, yaani nyuzi 144 kati ya 360. Toa muda wa kutosha hapa, hata kama kengele inakaribia, kwa sababu mwanafunzi anayevuka feri kila siku ataona kwa macho yake jinsi maisha yake yanavyoweza kupotea ndani ya wastani uliokokotolewa bila kosa lolote.

Walimu wengine huniuliza watumie nini kwa grafu ya mstari, ambayo haifai kwa data hii. Tumieni maji ya bahari. Chukueni jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini, na wanafunzi waandike kimo cha maji makuu ya kila siku kwa siku 30. Mstari utapanda kuelekea bamvua, yaani maji yanapojaa zaidi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kushuka wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo. Watoto wa wavuvi huujua mwendo huo kabla hujauchora, nao wanafaa kupewa nafasi ya kuwaeleza wenzao. Wakipenda bei za sokoni Kongowea, wakubaliane kwanza juu ya kipimo, kwa kuwa fungu la nyanya la muuzaji mmoja si fungu la mwingine. Wauze kwa fungu, lakini ninyi mpime kwa kilo.

Hatua ya mwisho: kila kikundi kiandike aya moja kwa mwalimu mkuu kuhusu muda wa kuanza masomo ya asubuhi, kikitumia angalau nambari mbili na kueleza kwa nini kimechagua hizo. Wiki inayofuata pimeni tena, ikiwezekana siku ya mvua, kwa kanuni ileile mliyoiandika ubaoni. Bandikeni grafu ya pili kando ya ya kwanza, na kwenye kona ya kila manila muandike tarehe, siku, na idadi ya wanafunzi waliopimwa.